KUSTAAFU KWA MWALIMU SI JAMBO LA GHAFLA

Siku hizi kila pazungumzwapo habari za kazi husikika neno hili: wazee waondoke ili vijana wapate nafasi. Neno hili hutajwa sana juu ya waalimu, maana vijana wengi wamekwisha hitimu vyuo, nao wako nyumbani wakingojea tangazo la ajira. Nakubali kwamba vijana hao wanastahili kazi. Lakini nakataa kwamba dawa yake ni kuwaharakisha wazee.

Kwanza tuitazame sheria. Mwalimu wa Serikali hapa Tanzania aweza kustaafu kwa hiari akiwa na miaka 55, na hana budi kustaafu afikapo 60. Mbona wengi hawatoki mapema? Jibu limo katika kiinua mgongo. Zamani watumishi wengi wa Serikali walilipwa nusu ya mafao yao kwa mkupuo. Kwa kikokotoo kilichoanza Julai 2022, nusu hiyo ilishuka ikawa sehemu 33 katika 100, na mwaka 2024 Serikali ikaipandisha kufika 40. Mtu aliyetumaini kumaliza nyumba yake kwa fedha hizo, akiona zimepungua, atakaza mwendo hadi 60. Wala si ulafi. Nani aache mshahara kabla hajaezeka paa?

Wengine watasema, basi aongezewe kiinua mgongo apate kutoka. Fedha hizo zitatoka wapi? Mfuko wa PSSSF hujazwa kwa michango: mtumishi hutoa sehemu 5 katika 100 za mshahara wake, na mwajiri hutoa 15. Atokaye na miaka 55 huacha kuchangia miaka mitano kabla ya wakati, naye huanza kulipwa pensheni mapema. Hazina itapumua, lakini Mfuko utalemewa. Huko ni kuhamisha mzigo toka bega hili kwenda bega lile.

Jambo la pili ndilo kubwa zaidi. Mzee akiondoka, kijana haingii siku ile ile. Mishahara hutoka Hazina, na nafasi hutaka kibali. Mkuu wa Shule hawezi kuajiri. Elimu bila ada ilipoanza mwaka 2016, ruzuku ya mwanafunzi wa sekondari ilikuwa shilingi 25,000 kwa mwaka. Fedha hiyo ni ya vitabu na mahitaji mengine ya shule, wala haitoshi mshahara wa mtu. Kwa hiyo kati ya kuondoka kwa mmoja na kuja kwa mwingine darasa hukaa bure. Sisi tunaongojea mtihani wa Novemba twajua maana ya kuona Fizikia katika ratiba, na mwalimu hayupo.

Basi rai yangu ni hii. Kustaafu hakuji kama mvua ya mawe. Tarehe ya kuzaliwa ya mwalimu imo katika jalada lake tangu siku ya kwanza ya kazi. Atakayetimiza miaka 60 mwaka 2030 anajulikana leo. Yafaa Serikali iweke katika bajeti mshahara wa mrithi wake mwaka mmoja kabla, na mwaka huo wafundishe pamoja, ili kijana ajifunze yale ambayo chuo hakikumpa: kulituliza darasa kubwa, na kutambua mtoto aliyenyamaza kwa kutoelewa.

Mtasema hiyo ni mishahara miwili kwa kazi moja. Ni kweli, lakini ni kwa mwaka mmoja tu. Tena mwalimu mwenye shahada huanzia daraja la TGTS D, na mkongwe aweza kuwa amefika H. Mzee akiisha kwenda, Hazina italipa pungufu kwa miaka mingi, na tofauti hiyo yaweza kurudisha gharama ya mwaka ule.

Sisemi kwamba njia hii itawaajiri wahitimu wote. Hilo lataka nafasi mpya, kwa kuwa wanafunzi nao wameongezeka. Nasema tu kwamba pengo linalojulikana lisiachwe wazi. Wahenga walinena, mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari la waalimu tunalo. Lifunguliwe mapema.

Mwanafunzi, Kidato cha Nne