Muuza Baluni Yuko Wapi?

Juzi kuna mtu alinieleza, kwa madaha kabisa, eti Boulevard des Capucines ya Claude Monet ni mchoro wa umma. Watu wote sawa, tajiri na maskini, vidoa tu. Ati usawa wa rangi. Wacha hizo. Hebu ufungue kwenye simu, ule ulioko Kansas City, halafu uukuze pembeni, upande wa kulia.

Pale ukingoni kuna wanaume wenye kofia ndefu nyeusi. Wako kwenye roshani, wanachungulia chini. Hao wamepewa kofia, wamepewa na mahali pa kusimama. Chini yao kuna fungu la waridi: baluni. Baluni unaziona fiti. Anayeziuza je? Mtafute basi. Bidhaa imepata rangi, mchuuzi kapata doa.

Monet aliichora barabara hiyo mwaka wa 1873 hadi 1874, akiitazama kutoka juu. Aprili 1874, kwenye barabara hiyohiyo, nambari 35, katika studio ya zamani ya mpiga picha Nadar, kundi lake likafungua maonyesho yake ya kwanza. Louis Leroy wa gazeti la vichekesho Le Charivari akaudhihaki mchoro huo: kwani mimi nikipita pale ndivyo ninavyoonekana? Tangu hapo wasomi wa sanaa wanamcheka kama mshamba. Mimi nasema swali lake lilikuwa zuri. (Najua, alikuwa anajililia mwenyewe, si muuza baluni.)

Mtaniambia jicho halioni nyuso kutoka ghorofani. Kweli, lakini nani alimlazimisha kupanda? Degas, aliyeshiriki maonyesho yaleyale, alichora wanawake wapiga pasi, na mikono yao ya kazi unaiona.

Na hiyo Paris ilikuwa bado mbichi. Mei 1871 jeshi la serikali lilikuwa limeua maelfu ya wakaaji wake katika wiki moja, likiizima Komuni. Miaka mitatu haijaisha, tunaletewa mtaa unaometa, hakuna hata uso mmoja wa kukuuliza kitu. Halafu mnaniambia huo ni umma?

Ni mchoro mtamu, sikatai. Nimeurudia mara nyingi, na kila mara najikuta nimesimama juu na wale wenye kofia, naangalia baluni.