Ndoa Mbele ya Mabunge ya Majimbo ya Marekani: Somo kwa Waamini Walei



Mpendwa msomaji, hivi karibuni, baada ya Misa ya Dominika, mzee mmoja wa jumuiya ndogo ndogo ya Kikristo alinisubiri mlangoni pa sakristia. Alikuwa amesikiliza redioni habari za Marekani, naye alitaka kujua jambo moja: "Padre, wale magavana waliotia saini sheria za ndoa za watu wa jinsia moja, ni kweli kwamba baadhi yao ni Wakatoliki wenzetu?" Nilimjibu kwamba ni kweli. Akatafakari kidogo, kisha akasema: "Basi, Padre, jambo hili halikuanzia bungeni."

Neno la mzee huyu limenifanya niitazame upya safari ya sheria hizo. Wengi wetu tunaikumbuka hukumu ya Mahakama ya Juu ya Marekani ya tarehe 26 Juni 2015, katika shauri la Obergefell, ambapo majaji 5 dhidi ya 4 waliamua kwamba ndoa hizo zitambuliwe katika nchi nzima. Lakini kabla ya siku hiyo, majimbo 11 kati ya 50 yalikuwa yamekwisha kuzikubali kwa uamuzi wa wabunge au wa wapiga kura wenyewe. Hukumu hutolewa na majaji wachache. Bunge na sanduku la kura huonesha mawazo ya watu. Anayetaka kujua jinsi mioyo ilivyobadilika, na afuate njia ya mabunge. (Katika makala haya neno "jimbo" ni la kiserikali, nitakapokusudia Jimbo Katoliki nitasema hivyo waziwazi.)

Kutoka California hadi Illinois

Massachusetts ndilo jimbo la kwanza ambako ndoa hizo zilifungwa kisheria, Mei 2004, lakini kwa amri ya mahakama ya juu ya jimbo hilo. Bunge la kwanza kupitisha muswada wa aina hiyo bila kuamriwa na mahakama lilikuwa la California, mwaka 2005, na tena mwaka 2007. Mara zote mbili Gavana Arnold Schwarzenegger aliukataa.

Vermont ilikwenda mbali zaidi. Aprili 2009 Gavana Jim Douglas alitumia kura ya turufu kuuzuia muswada, lakini wabunge waliipindua turufu yake. Katika Baraza la Wawakilishi matokeo yalikuwa kura 100 dhidi ya 49, wakati sheria inadai theluthi mbili. Mbunge mmoja tu angehamia upande wa pili, turufu ya gavana ingesimama. Mwezi uliofuata Maine ilifuata njia hiyo, na Juni 2009 New Hampshire.

New York inastahili kuangaliwa kwa makini. Desemba 2009 Seneti ya jimbo hilo iliukataa muswada kwa kura 38 dhidi ya 24. Miezi 18 baadaye, tarehe 24 Juni 2011, Seneti hiyo hiyo iliupitisha kwa kura 33 dhidi ya 29, kwa msaada wa maseneta wanne wa chama cha Republican. Gavana Andrew Cuomo, Mkatoliki, alitia saini usiku ule ule, ingawa maaskofu wa New York, wakiongozwa na Askofu Mkuu Timothy Dolan, walikuwa wameupinga waziwazi.

Mwaka 2012 Gavana Christine Gregoire wa Washington na Gavana Martin O'Malley wa Maryland, wote Wakatoliki, walitia saini sheria kama hizo, na Novemba mwaka huo wananchi wakazithibitisha kwa kura. Mwaka huo huo Gavana Chris Christie wa New Jersey, Mkatoliki pia, alikataa muswada wa bunge lake na kutaka suala lipelekwe kwa wananchi; jimbo hilo likaja kufunguliwa na mahakama mwaka 2013. Mwaka 2013 waliingia Rhode Island, ambayo ni miongoni mwa majimbo yenye asilimia kubwa kabisa ya Wakatoliki, kisha Delaware, Minnesota, Hawaii na Illinois.

Kwa Illinois kuna jambo la kutafakari. Spika wa Baraza la Wawakilishi, Michael Madigan, Mkatoliki, alipouunga mkono muswada Novemba 2013, aliyatumia maneno ambayo Baba Mtakatifu Fransisko aliyasema ndani ya ndege Julai mwaka huo akitoka Brazil. Baba Mtakatifu alikuwa anazungumzia mtu anayemtafuta Mungu kwa nia njema, kwamba si juu yake kumhukumu. Hakuzungumzia sheria ya ndoa. Neno la huruma kwa mtu liligeuzwa kuwa hoja ya muswada, na waamini wengi hawakuona tofauti.

Kwa nini mambo yalikwenda hivyo?

Maine inatupatia mfano ulio wazi. Novemba 2009 wananchi waliifuta sheria ya bunge lao kwa karibu asilimia 53 ya kura, na Kanisa la Jimbo Katoliki la Portland lilikuwa mstari wa mbele katika kampeni hiyo. Novemba 2012 wananchi wa jimbo lile lile waliikubali sheria kama hiyo, nao pia kwa karibu asilimia 53. Hakuna mahakama iliyowalazimisha. Kwa miaka mitatu watu walizungumza majumbani, kazini na mitaani, na waliokuwa wanaunga mkono sheria walipita nyumba kwa nyumba wakisimulia habari za ndugu zao. Kampeni inaweza kushinda uchaguzi mmoja, lakini haiwezi kuchukua nafasi ya katekesi ya miaka mingi.

Sababu ya pili inatuuma sisi mapadre. Kashfa ya unyanyasaji wa watoto ilifichuka Boston mwaka 2002, na Desemba mwaka huo Kardinali Bernard Law akang'atuka. Hukumu ya mahakama ya Massachusetts ilitolewa Novemba 2003, haujapita hata mwaka mmoja. Maaskofu waliposimama kutetea ndoa na watoto, wapo waliouliza ni kwa mamlaka gani wanazungumzia usalama wa watoto. Ukweli wa mafundisho haubatilishwi na dhambi za walimu, lakini mwalimu aliyepoteza imani ya watu husikilizwa na wachache.

Sababu ya tatu ni ya muda mrefu zaidi. Mwaka 1969 California ilipitisha sheria ya talaka isiyohitaji kuthibitisha kosa la mwenzi, nayo ikaenea jimbo kwa jimbo. New York ndiyo iliyokuwa ya mwisho kuikubali, mwaka 2010, mwaka mmoja tu kabla ya kura ya Seneti niliyoieleza. Sidai kwamba sheria moja iliizaa nyingine. Nasema tu kwamba jamii iliyokwisha kukubali kuwa ndoa ni mapatano ya hisia za watu wazima wawili, yanayovunjika hisia zinapokwisha, ilibaki na hoja chache za kueleza kwa nini ndoa iwe ya mume na mke na iwe wazi kwa uzazi. Wakatoliki walikuwa sehemu ya jamii hiyo. Tafiti za maoni za miaka hiyo zilionesha kwamba waliounga mkono sheria mpya miongoni mwao walikuwa wengi kuliko walioipinga.

Uhuru wa dini na hali ya sasa

Je, Kanisa limelazimishwa kufungisha ndoa hizo? La. Sheria za mabunge karibu zote ziliweka vifungu vya kulinda viongozi wa dini. New Hampshire gavana alikataa kutia saini mpaka vifungu hivyo viongezwe. New York majadiliano juu yake yaliendelea hadi saa za mwisho. Katika hili njia ya bunge ilikuwa na faida: iliacha nafasi ya majadiliano ambayo hukumu ya mahakama haiitoi.

Lakini vifungu hivyo havikugusa kila kitu. Huduma za Kikatoliki za kuwatafutia watoto wazazi wa kuwalea zilisitishwa Boston mwaka 2006, na mwaka 2011 katika Majimbo Katoliki kadhaa ya Illinois, kwa sababu serikali ilizitaka ziwahudumie wenzi wote bila tofauti. Mwaka 2021 Mahakama ya Juu, kwa kauli moja ya majaji wote, iliipa ushindi huduma ya Kikatoliki ya Philadelphia katika shauri la namna hiyo. Mjadala huu bado haujafungwa.

Ndoa yenyewe imewekewa uzio mwingine. Desemba 2022 Rais Joe Biden, Mkatoliki, alitia saini sheria inayoitaka serikali kuu na majimbo yote kuitambua ndoa iliyofungwa kihalali katika jimbo jingine. Novemba 2024 wapiga kura wa California, Colorado na Hawaii waliondoa katika katiba zao maneno ya zamani yaliyohusu ndoa hizo. Kwa upande wa pili, Januari 2025 Baraza la Wawakilishi la Idaho lilipitisha azimio la kuiomba Mahakama ya Juu iifute hukumu ya 2015. Novemba mwaka huo Mahakama ilikataa kusikiliza ombi lililotoka Kentucky lenye lengo hilo. Kwa sasa, basi, hukumu inasimama.

Kanisa linafundisha nini?

Mafundisho ya Kanisa hayajabadilika. Ndoa ni agano la mwanaume mmoja na mwanamke mmoja, la kudumu, lililoelekezwa kwa mafao ya wanandoa na kwa kuzaa na kulea watoto. Kristo mwenyewe, katika Injili ya Mathayo sura ya 19, alirejea kwenye mpango wa Muumba tangu mwanzo. Katika waraka wake wa kitume "Amoris laetitia" wa mwaka 2016, Baba Mtakatifu Fransisko alisisitiza kwamba miungano ya watu wa jinsia moja haiwezi kulinganishwa na mpango huo.

Lakini waraka huo huo, na Katekisimu ya Kanisa Katoliki namba 2358, vinadai pia kwamba watu wenye mwelekeo huo wapokelewe kwa heshima na upole, na wasibaguliwe kwa uonevu. Desemba 2008, mbele ya Umoja wa Mataifa, Vatican iliyataka mataifa yaondoe adhabu za kijinai dhidi yao. Januari 2023 Baba Mtakatifu Fransisko alirudia kwamba kuwa na mwelekeo huo si jinai. Nayasema haya kwa sababu nimewahi kukaa na mama aliyelia ofisini kwangu, baada ya ndugu kumfukuza kijana wake nyumbani kwa jina la dini. Anayeitetea ndoa kwa kumpiga, kumtukana au kumfukuza mtoto wa mwenzake hajaitetea ndoa. Ametenda dhambi nyingine.

Na sisi je?

Ndugu zangu, ni rahisi kusoma habari hizi na kujipongeza. Januari 2024 maaskofu wa Afrika, kupitia Kardinali Fridolin Ambongo, walieleza kwamba baraka kwa wenzi wa jinsia moja hazifai kutolewa katika Makanisa ya bara letu, na wengi wetu tulifurahi. Lakini tuyatazame madaftari yetu ya parokia. Ni wangapi wanaoishi katika uchumba sugu, watoto watatu tayari, na hawaoni sababu ya kufunga ndoa? Ni wanaume wangapi wana nyumba ya pili isiyojulikana na mke wa ndoa? Ni wachumba wangapi hukumbuka kamati ya harusi miezi sita kabla, na mafundisho ya ndoa wiki mbili kabla?

Marekani haikufika ilipofika kwa siku moja. Ndoa ilidhoofika kwanza majumbani na parokiani, kisha bungeni. Wabunge wale walibatizwa, walipata Komunyo ya kwanza, wengine walisoma shule za Kikatoliki. Kilichokosekana kwa wengi wao ni dhamiri iliyolelewa kwa kina, na mfano wa ndoa unaovutia kuliko hoja. Samaki mkunje angali mbichi: malezi ya dhamiri huanza kwa mtoto anayemwona baba akimheshimu mama.

Kwa hiyo nawaomba mambo matatu. Jumuiya zianze kuwasaidia wanaoishi bila ndoa, bila kuwaaibisha, waifikie Sakramenti. Wazazi wazungumze na vijana wao juu ya ndoa kabla simu haijawafundisha. Na waamini walei walio katika siasa wasome mafundisho jamii ya Kanisa, ili siku ya kupiga kura wajue wanachokitetea na sababu yake.

Mzee wangu wa sakristia alisema kweli: jambo hili halikuanzia bungeni. Tuiombe Familia Takatifu ya Nazareti iziombee familia zetu, na familia za ndugu zetu wa Marekani, neema ya kuishi kile tunachokikiri.