Bunduki kama usajili: jina kubwa halifungi

Dirisha la usajili tunalijua, wadau. Unaleta jina kubwa, bei kubwa, halafu jamaa anamaliza msimu jukwaani na bandeji gotini. Wawindaji wa Marekani nao wananaswa hivyo hivyo dukani.

Mtu anayewinda kulungu mara moja kwa mwaka, na bunduki nyingine yote ikae shambani kwa dharura, hahitaji silaha ya kifahari. Ruger American au Savage Axis, za kukoki kwa mkono kila baada ya risasi, zinamtosha. Kitako ni cha plastiki, sawa, lakini zinalenga. Achukue ya risasi za .308, maana zinapatikana maduka mengi. Akichagua za kutafuta kwa tochi, siku ya dharura atabaki na rungu.

Chenji inunue darubini nzuri na risasi za mazoezi. Hapo ndipo wengi wanafeli. Straika akikosa penalti tunamzomea, wiki ijayo anacheza tena. Mwindaji akikosea, mnyama anakimbia na jeraha, anakufa taratibu porini. Hakuna mechi ya marudiano.

Ikirudi nyumbani, itolewe risasi, ifungiwe kwenye kabati la chuma. Watoto hawana refa.