Thabeet alichemka, au sisi ndio tulichemka?



Juzi nilikuwa Mtaa wa Kongo, Kariakoo, nachagua jezi kwa machinga mmoja. Curry ipo, Harden ipo. Nikamuuliza ya Thabeet. Jamaa akacheka: "Yule si alichemka?" Imeniuma, so leo tuliongee.

Tuanze na ukweli. Juni 2009 Hasheem Thabeet, mtoto wa Dar, alichaguliwa namba 2 na Memphis Grizzlies kwenye drafti ya NBA (sio hii yetu ya visoda). Mbele yake alikuwa Blake Griffin tu. Harden alikuwa namba 3, Curry namba 7. Hapo ndipo watu wanapomsema: wenzake wakawa mastaa, yeye 2010 akashushwa ligi ndogo, akazunguka Houston, Portland na Oklahoma City, 2014 NBA ikaishia hapo. Mechi 224, wastani wa pointi 2.2. Kwa mtu wa namba 2 ni kidogo, sibishi.

Ila jamani, huyu alianza kucheza kikapu akiwa na miaka 15! Curry baba yake alicheza NBA, mpira kaukuta nyumbani. Thabeet katoka Makongo, akaenda kumalizia sekondari Houston, kisha Chuo Kikuu cha Connecticut, na miaka 7 tu baada ya kuanza akawa namba 2. Chuoni urefu wa futi 7 na inchi 3 na kuzuia mipira vilitosha. NBA kila mtu ni mrefu. Kule wanataka miguu myepesi, mikono laini na kusoma mchezo, vitu ambavyo mtu anafundishwa akiwa mdogo. Nani alimfundisha hapa?

Sasa swali langu: baada yake nani? Hakuna Mtanzania mwingine aliyecheza NBA. Cheki Sudan Kusini, nchi ya 2011. Luol Deng alipomaliza NBA akawa rais wa shirikisho lao la kikapu. Julai 2024 wakafungwa na Marekani kwa pointi moja tu, 101-100, kwenye mechi ya kirafiki London, kisha Olimpiki ya Paris wakaipiga Puerto Rico 90-79. Najua wengi wao wamekulia nje, lakini kuna mtu alikaa chini akawakusanya.

Sisi tangu 2015 tuna viwanja vya JMK pale Kidongo Chekundu, unatembea kwa mguu tu toka Kariakoo. Safi. Lakini uwanja peke yake haufundishi mtu. Bila kocha wa mtoto wa miaka 7 na ligi ya shule za msingi, Thabeet mwingine naye ataanza na miaka 15, halafu tutamcheka tena.

Kwangu mimi jamaa alifika mbali kuliko tulivyomwandaa.

Nawakilisha. Unayesema alichemka, mwaga hoja hapo chini, matusi hapana.