Programu ya Pesa Ijengwe Kila Usiku

Ukilipia mzigo wa mboga sokoni alfajiri, hutaki hadithi za waprogramu. Unataka ujumbe uingie, muuzaji auone, kila mtu aendelee na kazi yake. Sisi tunaamini utulivu huo una bei yake: programu yoyote inayoshika pesa za watu inafaa kujengwa upya na kujaribiwa kila usiku, na mashine, bila kungoja mtu akumbuke.

Kujenga programu ni kuchukua maagizo yote yaliyoandikwa na waprogramu, kuyaunganisha na kutoa kitu kinachofunguka kwenye simu. Watu kumi wakiandika kila mmoja kivyake wiki nzima, halafu waunganishe Ijumaa jioni, kosa likitokea hakuna anayejua limetoka wapi. Likionekana kesho yake asubuhi, mnakagua kazi ya siku moja tu.

Wengine husema inatosha kujaribu kila mtu anapobadilisha kitu. Hilo ni lazima, lakini halitoshi. Kuna mambo hubadilika hata kama hatujagusa chochote: vyeti vya usalama vya seva huisha muda, vipande vya programu tulivyochukua kwa wengine hutoka upya, mwezi hugeuka. Tena majaribio ya kutuma, kutoa na kurudisha pesa kwenye simu za aina nyingi huchukua muda mrefu. Usiku ndio wakati wake. Na usiogope: pesa za majaribio si za kweli, akaunti yako haiguswi.

Kama una duka na kuna vijana wanakutengenezea programu, waulize ratiba yao inafuata saa za wapi. Wengi hutumia cron, chombo cha tangu miaka ya 1970. Mstari wa 0 2 * * * ni saa nane usiku kila siku, lakini seva nyingi hufuata saa za UTC, na Kenya iko mbele kwa saa 3. Kumbe kazi itaanza saa kumi na moja alfajiri, wateja wako wakiwa wameshaamka! Kwa seva kama hiyo, saa nane usiku ya Nairobi huandikwa 23.

Waulize pia: ikifeli usiku, nani anaamka nayo? Hapa ndipo timu nyingi huteleza. Ratiba ipo, ripoti zinakuja, hakuna anayezisoma. Kengele inayolia kila siku bila mtu kuitikia ni kelele tu. Tungependa pawe na mtu wa zamu anayejulikana kwa jina, na kazi mpya isubiri mpaka kosa la usiku lirekebishwe. Ati hiyo inachelewesha? Afadhali kipengele kipya kichelewe kuliko karo ya mtoto ikwame mwisho wa mwezi.

Mwisho, kumbuka hili: kazi hii yote hufanyika bila PIN yako. Mtu akikupigia akisema "tunasasisha mfumo, tupatie PIN," kata simu. Toleo jipya likiwa tayari utalipata Play Store au App Store, si kwa linki ya SMS.