Maumivu ya Kiwiko Yaanze Kutibiwa Kazini

Taifa linaloishi kwa jasho la watu wake halina budi kuitunza mikono inayolitoa jasho hilo. Ukweli huu unaonekana wazi katika mikoa ya Shinyanga na Geita. Kutoka Mwakitolyo hadi Nyarugusu na Rwamgasa, wachimbaji wadogo huvunja mwamba kwa nyundo na tindo ndani ya maduara. Juu ya ardhi, akina mama hukaa kutwa wakiponda mawe kabla hayajapelekwa mwaloni. Dhahabu ikipatikana hupimwa kwa uangalifu, gramu kwa gramu. Maumivu ya kiwiko yanayobaki mkononi hayapimwi na mtu.

Maumivu yanayozungumzwa hapa ni yale yanayoanzia upande wa nje wa kiwiko na kushuka kwenye kigasha. Mgonjwa huyasikia anapokaza ngumi kushika mpini, anapokamua nguo, au hata anapoinua kikombe cha chai. Wazungu waliyapa jina la mchezo wa tenisi, ingawa wengi wanaoyaugua hawajapata kushika raketi. Yanampata mchimbaji, mkulima wa pamba na jembe lake, seremala na fundi mwashi.

Chanzo chake kinaeleweka. Misuli inayoinua kiganja imeshikamana na mfupa wa nje wa kiwiko kwa kano. Kila mtu anapokaza mkono kushika kitu, kano hizo huvutwa. Zikivutwa kutwa nzima, siku hata siku, bila nafasi ya kujijenga upya, huchakaa. Kwa hiyo katika ugonjwa huu hakuna mfupa uliotoka mahali pake, wala mshipa uliojikunja.

Yafaa jambo hili litiliwe mkazo, kwa sababu mgonjwa anapochoka na maumivu hukimbilia kwa mtu atakayeuvuta mkono mpaka ulie. Vijijini yupo mkandaji au mwunga mifupa. Katika nchi za nje, na kwa wachache wenye uwezo mijini, ipo tiba ya kiropraktiki, iliyoanzishwa na Daniel David Palmer huko Davenport, Marekani, mwaka 1895. Mbali kama zinavyoonekana, tiba hizi mbili zinakutana katika wazo moja: kwamba kiungo kimekaa vibaya na mkono wa mjuzi utakirudisha.

Hatusemi kwamba mikono hiyo haina faida. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 2005 mwongozo juu ya mafunzo na usalama wa kiropraktiki, na nchi yetu ilitunga sheria ya tiba asili na tiba mbadala mwaka 2002. Tunachosema ni kwamba faida yake kwa kiwiko ina mpaka. Mwaka 2006 watafiti wa Australia walichapisha matokeo ya uchunguzi wa wagonjwa 198. Kundi la kwanza lilinyooshwa kiwiko kwa mikono na kufundishwa mazoezi, la pili lilichomwa sindano ya dawa ya kutuliza uvimbe, na la tatu lilipewa ushauri tu wa kutumia mkono kwa uangalifu na kusubiri. Baada ya wiki 6, waliochomwa sindano ndio waliokuwa na nafuu kubwa kuliko wote, na wale wa mazoezi waliwazidi waliosubiri. Lakini ulipotimia mwaka, wale wa sindano ndio waliokuwa nyuma, maumivu yakiwa yamewarudia wengi wao. Wale wa mazoezi na wale waliosubiri walikuwa karibu sawa.

Fundisho ni dhahiri. Nafuu ya haraka si kupona, na mkono anaokandwa mtu jioni kisha ukarudi kwenye nyundo ile ile alfajiri haukutibiwa.

Wapo watakaouliza: mchimbaji atapumzikaje wakati watoto wanakula kwa nyundo yake? Swali ni la haki. Jibu ni kwamba kano haihitaji kulala kitandani. Inahitaji kazi iliyopangwa. Mpini mwembamba ufungwe mpira ili ushikike bila kukazwa mno. Nyundo iwe na uzito unaolingana na mtu. Wanaoponda mawe wapokezane na wanaobeba na kuchekecha. Mzigo uinuliwe kiganja kikitazama juu. Pale karasha linapopatikana, lipunguze kazi ya kuponda kwa mkono, ila mawe yamwagiwe maji, maana vumbi lake huharibu mapafu.

Zoezi nalo halina gharama. Mgonjwa aweke kigasha juu ya meza, kiganja kikitazama chini na kuning'inia ukingoni, ashike chupa ndogo ya maji. Aiinue kwa msaada wa mkono mzima, kisha aishushe polepole kwa mkono unaouma. Afanye hivyo kila siku kwa majuma kadhaa, akiongeza uzito kidogo kidogo. Lakini aliyeanguka, au mwenye kiwiko kilichovimba na homa, au mwenye ganzi ya vidole, asikubali kuvutwa mkono na mtu yeyote, aende hospitali.

Hapa ndipo wajibu wa watumishi wa umma unapoanza. Sheria ya mwaka 2008 ya fidia kwa wafanyakazi, na Mfuko ulioanza kazi mwaka 2015, vinatambua ajali na magonjwa yatokanayo na kazi. Lakini mchimbaji wa duarani, ambaye mara nyingi hulipwa kwa mgao wa mawe bila mkataba wowote, anabaki nje ya mlango huo. Maofisa wa madini, kazi na afya wanapoketi na vyama vya wachimbaji, suala la kumwingiza ndani lisiachwe kuwa la mwisho. Na mganga wa zahanati anapopokea mwenye kiwiko kibovu, kabla ya kumpa vidonge amwulize kwanza: unafanya kazi gani, na unaifanyaje?

Walimu nao wanakumbuka, au wamesimuliwa, kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, wakati watu wazima wapatao milioni mbili walipokusanyika katika vikundi kuzunguka redio na kujifunza kujikinga na maradhi. Haikuwa dawa mpya iliyowakusanya, bali maarifa yaliyosemwa kwa lugha yao. Somo la mpini, nyundo na kano si gumu kuliko somo la choo na maji safi. Lifundishwe machimboni, mikutanoni na madarasani, kabla kijana wa leo hajaishiwa nguvu za mkono wake angali kijana.