Neema Haina Bei

Katika nchi ya Wapimbwe, kusini mwa Hifadhi ya Katavi, ambako Usevya imo, wapo wahubiri wasemao mambo mawili yasiyoweza kukaa nyumba moja. Kwanza husema kwamba wazee wa nchi hiyo hawakumjua Mungu hata kidogo, maana walipeleka sadaka mitini. Pili husema kwamba mwenye kutaka baraka, uponyaji au kinga ya wachawi na atoe kwanza fungu lake mbele ya mhubiri. Neno la kwanza si kweli, na la pili huuvunja mlango ambao wahubiri hao hudai kuufungua.

Hapana anayekana habari za mkwaju. Jina la Katavi latokana na Katabi, pepo wa kale, na kando ya ziwa lenye jina hilo watu wamekuwa wakiweka sadaka chini ya mkwaju ili wapate heri. Lakini kutoa sadaka mtini si ushahidi kwamba mtoaji hakujua kuwa yuko Muumba. Mtume Paulo alipofika Athene alikuta madhabahu ya Mungu asiyejulikana, wala hakuwaambia wenyeji kwamba vichwa vyao vitupu. Alianza kuhubiri pale walipokuwa wamefika. Hata neno Mungu, lililomo katika kila Biblia ya Kiswahili, halikuja merikebuni pamoja na wamisionari. Ni ndugu wa neno Mulungu, ambalo makabila mengi ya Kibantu yalilitamka kabla mmisionari hajazaliwa. Aliyehubiri alipewa jina na wale aliowahubiri, na si haki mkopaji kumcheka aliyemkopesha.

Kama ni hivyo, mahubiri yaliongeza nini? Yaliongeza jambo moja kubwa. Kujua kwamba Mungu yuko si sawa na kujua kwamba anasamehe bila kulipwa. Chini ya mkwaju mtu hutoa ili apewe. Injili ilikuja na habari ya kwamba mtu amekwisha kupewa kabla hajatoa. Ndiyo maana ya neema, na ndiyo hoja ya Paulo katika waraka wake kwa Waefeso: wokovu ni kipawa, wala hapana wa kujisifu kuwa ameununua.

Basi mhubiri auzaye mafuta na maombi amefanya nini ila kumrudisha Mkristo chini ya mkwaju? Tena amemrudisha kwa hasara, maana wa mkwaju hutoa alichonacho, na huyu hutozwa hata asichonacho. Amejifananisha na lambalamba, wale waganga wapitao vijijini kufichua wachawi na kuwatoza watu fedha. Wote wawili huishi kwa hofu ya jirani kumwogopa jirani, na hofu ikiisha, biashara yao imekwisha. Biashara hiyo si ngeni duniani. Mwaka 1517 Martin Luther aliiinukia Ujerumani, vyeti vya rehema vilipouzwa kwa fedha.

Yaweza kujibiwa kwamba mhubiri naye ana tumbo. Ni kweli, na Paulo mwenyewe alikiri haki hiyo, ingawa alichagua kushona mahema. Lakini shukrani hufuata, bei hutangulia. Mjane wa Usevya akileta debe la mahindi baada ya mavuno kwa kuwa moyo wake umejaa, ametoa sadaka. Akiambiwa kwamba mwanawe mgonjwa hataombewa mpaka debe lifike, ametozwa ushuru, na aliyemtoza si mchungaji bali mtoza ushuru.

Wengine huogopa kwamba neema ya bure italeta uvivu: aliyekwisha kuokolewa atafanyia nini kazi? Jibu liko katika mkoa huo huo, Karema, kando ya Ziwa Tanganyika. Ngome ya Wabelgiji ya mwaka 1879 iliachiwa Mapadri Weupe mwaka 1885, na mwaka 1889 alifika hapo Adrian Atiman. Alikuwa kijana wa Afrika Magharibi aliyetekwa utotoni akauzwa utumwani, kisha akakombolewa na mapadri hao na kusomeshwa uganga huko Malta. Hakulipa hata senti ya ukombozi wake, kwani mtoto mtumwa hana mfuko. Je, alilala? Alitibu wagonjwa na kufundisha dini hapo Karema mpaka kufa kwake mwaka 1956, zaidi ya miaka 60. Hakufanya kazi ili akombolewe. Alifanya kazi kwa kuwa amekombolewa.

Juu ya jambo hili Wakatoliki na Walutheri waligombana kwa karne nyingi, na tarehe 31 Oktoba 1999, mjini Augsburg, wajumbe wao walitia sahihi tamko la pamoja: mtu hukubaliwa na Mungu kwa neema, na matendo mema ni matunda yake. Ikiwa mahasimu wa zamani wameweza kukubaliana hivyo, mhubiri wa leo hana udhuru wa kuweka mezani bei ya kitu ambacho bwana wake alikitoa bure. Na aliyekwisha kulipa bei hiyo anayo haki ya kuuliza fedha zake zimenunua nini.